Maswali ya Wasomaji: Tumbo likivuja damu kwa mgonjwa wa dayalisisi

Barua nyingi za figo tulizopokea safari hii zinagusa jambo moja: damu inayotoka kwenye umio, tumbo au duodeni (mwanzo wa utumbo mwembamba) ya mtu ambaye damu yake husafishwa kwa mashine. Tumechagua sita. Wanaojibu ni jopo letu la madaktari wa figo na wa njia ya chakula, mfamasia na wauguzi wa dayalisisi. Dozi zote ni za mtu mzima, na mwenye kuziagiza ni daktari aliye na mgonjwa mbele yake.

Baba yangu husafishwa damu mara tatu kwa wiki. Tangu juzi anapata choo cheusi. Anameza vidonge vya madini ya chuma, na ndugu wanasema rangi ni ya dawa hizo tu. Hana maumivu, ila amechoka sana. Kesho ni zamu yake ya mashine. Aende, au apumzike mpaka choo kirudi kawaida?
*Binti wa mgonjwa*

Dada, msisubiri kesho. Mpelekeni hospitali leo, tena hospitali yenye mashine ya dayalisisi na kipimo cha kamera ya tumboni kama mnaweza kuifikia.

Ni kweli chuma hubadilisha rangi ya choo. Lakini choo cha chuma huwa cheusi au kijani kilichokolea, kina umbo lake la kawaida, na harufu haibadiliki sana. Choo chenye damu iliyomeng'enywa kinang'aa, ni laini, kinanata chooni hata baada ya kumwaga maji, na harufu yake ni kali kiasi kwamba aliyewahi kuinusa haisahau. Kikipakwa kwenye karatasi nyeupe na kuongezwa maji kidogo, pembeni huonekana wekundu. Dawa za kushusha fosforasi zenye chuma ndani yake nazo huleta weusi usio na damu. Mkiwa na shaka, chukulieni kuwa ni damu.

Kukosa maumivu kusiwapumbaze. Vidonda vya tumbo kwa wagonjwa wa figo mara nyingi havina maumivu yoyote mpaka siku vinapovuja. Wala msitegemee mapigo ya moyo: wengi wanameza dawa za presha kama atenololi, bisoprololi au kavediloli, ambazo huzuia moyo kwenda mbio hata damu inapopungua. Na mtu aliyezoea presha ya 160 akipimwa 115, asiyemfahamu atasema presha yake nzuri. Kwake yeye ni dalili ya hatari, kwa hiyo mwambieni daktari presha yake ya kila siku ni ngapi.

Kuhusu zamu ya mashine, msifikirie kuiruka. Damu iliyoingia kwenye utumbo humeng'enywa kama protini nyingine, urea inapanda, na seli nyekundu zinazovunjika huko zinaachia potasiamu. Figo nzima zingeitoa kwa mkojo, zake haziwezi. Sumu ikizidi, chembe sahani, zile zinazoanzisha kuganda kwa damu, zinashindwa kushika kwenye jeraha, na damu inazidi kutoka. Kwa hiyo mashine haiachwi, bali inaendeshwa kwa namna nyingine, kama jibu la tatu linavyoeleza. Tatizo ni akiunganishwa kesho kwa heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda kwenye mashine, kama kawaida kwa sababu hakuna aliyesema habari ya choo.

Njiani asile wala asinywe kitu, ili kamera isicheleweshwe. Akitapika, mlazeni kwa ubavu wa kushoto. Dozi inayofuata ya aspirini au ya dawa yoyote inayozuia damu kuganda asiimeze kabla ya kuonwa. Bebeni dawa zake zote zikiwa kwenye pakiti zake, na mwandike mambo manne: uzito wake mkavu (yaani baada ya maji ya ziada kutolewa), siku na saa ya dayalisisi ya mwisho, aina na kiasi cha heparini aliyopewa siku hiyo, na himoglobini yake ya mwisho. Akizimia, akitoa jasho la baridi au akitapika damu mbichi, ni gari la wagonjwa mara moja.

Napokea wagonjwa wa aina hii zamu za usiku. Mmoja alikuwa anatapika damu, presha 85 kwa 50, hatoi mkojo kabisa. Nikimwekea dripu naogopa mapafu yatajaa, nikimwongeza damu naogopa potasiamu. Mpangilio sahihi ni upi?
*Daktari wa zamu*

Hofu zote mbili zina msingi. Ila kwa presha hiyo kinachomuua haraka ni kukosa damu, na kinatangulia mbele ya potasiamu na mapafu.

Mlaze kwa ubavu wa kushoto maadamu anatapika, na umpe oksijeni ikiwa imeshuka. Weka kanula mbili za geji 16 au 18 kwenye mkono usio na fistula, ule mshipa uliounganishwa kwa upasuaji kwa ajili ya mashine. Mshipa wa nyuma ya kiganja ukitosha, anza nao, kwa sababu mishipa ya juu ya mkono ni akiba yake ya fistula zijazo. Mkono wa fistula hauwekwi kanula wala mpira wa kupimia presha. Usipopata mshipa kabisa na mgonjwa ana katheta ya dayalisisi (mpira uliowekwa kwenye mshipa mkubwa), itumie, lakini kwanza vuta dawa iliyofungiwa ndani na uimwage. Chukua damu ya kupima hesabu kamili ya seli, kundi na ulinganisho, urea na chumvi zake, muda wa kuganda na kazi ya ini. Pima umeme wa moyo papo hapo, usisubiri majibu ya maabara.

Maji mpe kwa vipimo vidogo: mililita 250 za salaini (maji ya chumvi ya dripu) kwa dakika 10 hadi 15, kisha msogelee umtazame. Presha imesogea? Anapumua haraka kuliko mwanzo? Sehemu ya chini ya mapafu inalia? Mishipa ya shingo imejaa? Bado presha iko chini na mapafu ni makavu, rudia. Lita nzima kwa mkupuo hapana, lakini kumnyima kabisa kwa sababu "ni wa dayalisisi" ni kosa kubwa zaidi. Aliyepoteza damu ana nafasi ya maji kwenye mishipa yake. Kipimo cha mkojo huna, kwa hiyo tegemea akili yake, joto la vidole, kasi ya rangi kurudi kwenye ukucha ukiubana, na laktati kama maabara inaipima.

Damu huongezwa himoglobini ikifika chini ya gramu 7 kwa desilita, au chini ya 8 kwa mwenye ugonjwa wa moyo, na wagonjwa wa dayalisisi wenye ugonjwa wa moyo ni wengi. Lakini damu ikiwa inamwagika, usingoje namba. Saa za mwanzo himoglobini haijashuka, kwa sababu kinachotoka ni damu kamili na iliyobaki bado haijazimuliwa. Kwa hawa kuna jambo jingine: namba iliyopimwa kabla ya mashine imezimuliwa na maji ya siku mbili, na ya baada ya mashine imekolea. Kulinganisha ya Jumatatu asubuhi na ya Jumatatu jioni ni kujidanganya.

Chupa moja ina takriban mililita 300 na hupandisha himoglobini karibu gramu 1. Omba benki ya damu ikupe iliyotolewa karibuni zaidi, maana kila siku inayokaa kwenye jokofu potasiamu inavuja kutoka kwenye seli. Anayesubiri kupandikizwa figo apewe damu iliyochujwa seli nyeupe, ili mwili wake usitengeneze kingamwili zitakazomnyima figo baadaye. Presha ikiruhusu, pangeni damu iingie akiwa kwenye mashine, ili maji na potasiamu vitolewe wakati uleule. Isiporuhusu, mpe sasa, fuatilia umeme wa moyo, na mashine ifuate. Mawimbi ya T yakichongoka na kurefuka, mpe kalsiamu glukoneti ya asilimia 10, mililita 10 hadi 30, kisha insulini pamoja na glukosi. Pima sukari kila saa kwa saa sita, kwa sababu insulini hukaa muda mrefu kwenye mwili usio na figo.

Presha ikitulia, shika fistula. Kama mtetemo haupo, presha ya chini imeigandisha, na daktari wa upasuaji wa mishipa aitwe siku hiyohiyo.

Nyongeza fupi: alama za Glasgow-Blatchford, zinazosaidia kuamua nani arudi nyumbani, hazifai hapa. Urea iliyopanda peke yake inaweza kumpa alama 6 na himoglobini yake ya kila siku ikamwongezea nyingine, kabla hata hajavuja tone.

Tukiagizwa kuendesha mashine bila heparini, kichujio kinaganda kabla ya saa mbili na mgonjwa anapoteza damu ya mpira mzima. Tunafanya nini vibaya?
*Muuguzi wa dayalisisi*

Mzunguko wa nje una mililita 150 hadi 250 za damu. Ukiganda wote, mgonjwa aliyekuja kwa kuvuja damu amepoteza karibu chupa moja mikononi mwetu. Ndiyo maana tunalijibu swali hili hatua kwa hatua.

Kwanza hakikisha bila heparini ni bila heparini kweli. Mahali inapojificha ni kwenye katheta. Ikiwa imefungwa kwa heparini ya uniti 5,000 kwa mililita, na kila tundu linabeba mililita 2 hivi, ndani mna uniti 20,000. Ukisukuma salaini bila kuvuta kwanza, zote zinaingia mwilini. Vuta mililita 3 hadi 5 kila tundu na umwage, na ukimaliza funga kwa sitrati ya asilimia 4, kizuia kuganda kisicho heparini, au kwa salaini kama sitrati haipo. Kwenye kuandaa mashine vilevile usiweke heparini kwenye chupa ya kusuuzia.

Pili, hewa. Vipovu vilivyobaki kwenye nyuzi za kichujio ndivyo mahali damu inapoanzia kuganda, na kwa uzoefu wa jopo hapa ndipo vituo vingi hukosea, kwa sababu heparini huwa inaficha uandaaji wa haraka haraka. Suuza kwa salaini lita 1 hadi 2 bila kuharakisha, ukikigeuza kichujio na kukigonga taratibu kwa kiganja mpaka vipovu viishe. Chemba ya vena, ile ya kunasa hewa kwenye mpira unaorudisha damu, ijazwe mpaka robo tatu au zaidi, damu isirukeruke kwenye hewa na kutoa povu.

Tatu, mwendo. Damu inayotembea polepole inaganda. Tumia sindano za geji 15 au 16 na upandishe pampu mpaka mililita 250 hadi 300 kwa dakika au zaidi kadiri njia ya damu na presha ya mgonjwa zinavyoruhusu. Kila kengele inayosimamisha pampu inakuletea bonge la damu, kwa hiyo ikilia, shughulikia mara moja. Katheta iliyopinda au sindano iliyogusa ukuta wa mshipa irekebishwe mapema, si baada ya kengele ya tatu.

Nne, kusuuza. Kila dakika 30, au kila dakika 15 damu ikianza kuwa nyeusi, bana mpira wa ateri juu ya njia ya salaini, fungua salaini, na uache pampu ivute mililita 100 hadi 200. Wakati huo ndio wa kutazama: kichujio kikiwa kimejaa maji, nyuzi zilizoganda huonekana kama michirizi myeusi isiyosafishika, na kwenye chemba utaona pete ya damu iliyoshika ukutani. Kusuuza hakuzuii kuganda kwa uhakika kama wengi wanavyodhani. Faida yake kubwa ni kukuonyesha mapema.

Maji hayo lazima yahesabiwe. Kikao cha saa 3 chenye kusuuza mara tano kwa mililita 150 ni mililita 750, ongeza 250 za kurudishia damu mwishoni, inakuwa lita 1 kamili. Ukisahau kuiweka kwenye kiasi cha kutoa, mgonjwa anaondoka na lita ya ziada. Lakini usitamani pia kutoa lita tatu za uvimbe siku hiyo. Maji yanavyotolewa kwa kasi ndivyo damu inavyokolea ndani ya kichujio na kuganda, na presha inaanguka. Kwa mgonjwa anayevuja, toa yale uliyoingiza tu, kisha muone tena kesho. Vikao vya saa 2 hadi 3 kwa siku mbili mfululizo ni bora kuliko saa 4 za kubahatisha. Shusha joto la maji ya dayalisisi hadi nyuzi 35.5 au 36, presha itashika vizuri zaidi.

Damu ya kuongezwa usiipitishe kabla ya kichujio, inakoleza na kuharakisha kuganda. Ipite kwenye chemba ya vena au kwenye kanula ya mkono.

Presha za mashine ziandikwe kila robo saa, pampu ikiwa kwenye mwendo uleule. Ya vena ikipanda hatua kwa hatua, bonge liko kwenye chemba au sindano. Ya kabla ya kichujio ikipanda na ya vena imetulia, nyuzi za kichujio zinafunga. Vyovyote iwavyo, rudisha damu ukiwa bado unaweza. Kikao kilichokatwa kwenye dakika ya 110 na damu yote imerudi ni kikao kizuri. Iliyokwisha kuganda usiirudishe.

Mkiwa na maji ya dayalisisi yenye sitrati, yatumieni. Sitrati ya mzunguko wa nje peke yake nayo ni nzuri, ila kituo kisichoweza kupima kalsiamu huru mara kwa mara kisiithubutu.

Kama damu imeanza kutoka muda mfupi baada ya dayalisisi, mwambie daktari saa ya heparini ya mwisho. Ya kawaida nguvu yake hupungua kwa nusu kila saa moja hadi moja na nusu, na hubatilishwa kwa protamini, miligramu 1 kwa uniti 100 zilizobaki, isizidi miligramu 50, ikisukumwa taratibu. Ile ya molekuli ndogo hukaa muda mrefu zaidi kwa asiye na figo, na protamini huiondoa nusunusu tu.

Kurudi kwenye heparini kusiwe haraka. Hatari ya kuvuja upya ni kubwa zaidi saa 72 za kwanza. Kwa kidonda kilichokuwa kinaruka damu, jopo linapendelea angalau wiki nzima bila heparini, kisha dozi ndogo.

Kwenye wadi yetu huandikwa asidi ya traneksamiki (inayozuia bonge la damu kuyeyuka), chembe sahani na desmopresini (inayosaidia chembe sahani kushika) kwa pamoja, omeprazoli ikifuata nyuma. Je, yote yanahitajika kwa mgonjwa wa figo?
*Mfamasia*

Mpangilio huo ugeuzeni. Dawa ya kuzuia asidi ndiyo ianze: omeprazoli, esomeprazoli au pantoprazoli, miligramu 80 kwenye mshipa. Kama kamera imekuta kidonda cha hatari na kukitibu, inafuata miligramu 8 kwa saa kwa saa 72, au miligramu 40 mara mbili hadi nne kwa siku pale pasipo na pampu ya dawa. Dozi haipunguzwi kwa sababu ya figo, wala mashine haiiondoi.

Hata hivyo dawa hii haichukui nafasi ya kamera. Ifanyike ndani ya saa 24, baada ya presha kutulia. Kukimbilia ndani ya saa 6 hakukupunguza vifo katika utafiti wa Hong Kong uliochapishwa mwaka 2020, na kwa mgonjwa wa dayalisisi saa hizo zina kazi nyingine ya kumtengeneza. Erithromaisini miligramu 250 kwenye mshipa, dakika 30 hadi 90 kabla, husafisha tumbo ili daktari aone, lakini angalieni kwanza potasiamu na umeme wa moyo. Kidonda kinachovuja au chenye mshipa uliojitokeza huchomwa adrenalini ya 1 kwa 10,000 pamoja na klipu au joto. Adrenalini peke yake haitoshi. Mwenye ugonjwa wa ini atafutiwe mishipa iliyovimba kwenye umio, na huyo apewe okitreotidi (hupunguza damu iendayo kwenye mishipa hiyo) na seftriaksoni (antibiotiki) hata kabla ya kamera.

Desmopresini ina nafasi yake kwa anayeendelea kutokwa damu wakati sumu imepanda. Mikrogramu 0.3 kwa kila kilo, yaani mikrogramu 18 kwa mtu wa kilo 60, kwenye mililita 50 za salaini kwa dakika 20 hadi 30. Huanza kazi ndani ya saa moja na kudumu saa 4 hadi 8, basi ipigiwe hesabu na saa ya kamera. Dozi ya pili ni dhaifu na ya tatu karibu haifanyi kitu, kwa sababu akiba inayoisukuma kutoka kwenye kuta za mishipa imekwisha. Hubakiza maji mwilini, na aliyepata shambulio la moyo karibuni asipewe.

Chembe sahani kwa kawaida hazikosekani kwa hawa, zipo ila zimelemazwa na sumu, na hizo mpya zitalemazwa vilevile. Zipeni ikiwa idadi iko chini ya 50,000. Kinachozisaidia ni dayalisisi na himoglobini isiyo chini sana, kwani seli nyekundu zikiwa za kutosha huzisukuma chembe sahani kuelekea ukuta wa mshipa, mahali zinapohitajika.

Asidi ya traneksamiki iondoeni. Utafiti wa HALT-IT wa mwaka 2020, wenye wagonjwa 12,009 wa kuvuja damu tumboni, haukuonyesha vifo kupungua. Ulionyesha damu kuganda kwenye vena na degedege kuongezeka. Na dawa hii hutoka kwa figo. Kwa asiye na figo inarundikana.

Nilitibiwa kidonda cha tumbo kwa kamera. Kiungulia kikinijia nakunywa dawa nyeupe ya maji ya dukani. Magoti yananiuma sana. Na aspirini niliyokuwa nameza baada ya kuwekewa kijibomba cha moyo sijui niirudie au la.
*Mgonjwa, dayalisisi mwaka wa nne*

Ndugu msomaji, hiyo dawa nyeupe iache leo. Nyingi zina alumini au magnesi. Figo ndizo huzitoa, na mashine haifui dafu: alumini huenda kwenye mifupa na ubongo, magnesi hulegeza misuli na kupunguza mapigo ya moyo. Sukralfeti nayo ina alumini ndani. Uliyonayo ya kuzuia asidi inatosha, imeze nusu saa kabla ya kula. Ukipewa famotidini badala yake, dozi lazima ipunguzwe, isipopunguzwa huleta kuchanganyikiwa.

Magoti: parasetamoli, isizidi gramu 3 kwa siku. Diklofenaki, ibuprofeni, naproksini na piroksikamu kwako zimefungwa, za kumeza na za sindano, hata kama sindano ni moja tu. Sindano nayo huumiza tumbo, kwa sababu dawa inalifikia kwa njia ya damu.

Aspirini kwa mwenye kijibomba cha moyo hurudishwa mapema, kwa kawaida siku ya 1 hadi ya 3 baada ya damu kusimama. Ukikaa wiki kadhaa bila hiyo, kijibomba kinaweza kuziba, kwa hiyo mpigie daktari wako leo. Iende pamoja na dawa ya kuzuia asidi muda wote unaoimeza. Kama una klopidogreli pia, pantoprazoli inafaa kuliko omeprazoli, ambayo hupunguza nguvu yake. Aliyekuwa anameza aspirini kwa kujikinga tu, bila kuwahi kuugua moyo wala kiharusi, kwa kawaida haanzi tena.

Ulizia pia kipimo cha bakteria wa tumbo, Helikobakta pailori. Kilichofanywa damu ikiwa inatoka hukosea mara nyingi na kusema hakuna. Kirudiwe kwa choo au pumzi. Dawa ya asidi husimamishwa wiki 2 kabla ya kipimo, na kwako hilo liamuliwe na daktari kwa sababu ya aspirini. Bakteria akipatikana, matibabu ni siku 14, klarithromaisini ikipunguzwa kwa nusu na amoksilini ikimezwa baada ya mashine siku za dayalisisi. Bismathi ikataeni, hurundikana na kudhuru ubongo. Na ikiwa kidonda kilikuwa kwenye tumbo lenyewe na si duodeni, kamera irudiwe wiki ya 8 hadi ya 12 kuhakikisha kimepona na si saratani.

Mume wangu ameongezewa damu mara tatu mwaka huu. Kila wakipiga kamera wanasema hakuna kidonda. Damu inakwenda wapi?
*Mke wa mgonjwa*

Mama, uwezekano mkubwa ni vishipa vidogo vilivyopanuka chini ya ngozi laini ya tumbo au utumbo, vyenye kuta nyembamba. Wataalamu huviita anjiodisplasia, na kwa wagonjwa wa dayalisisi huonekana mara nyingi zaidi kuliko kwa watu wengine. Havivuji kila saa, na himoglobini ikiwa chini sana hupauka visionekane. Kamera ifanywe upya damu yake ikiwa imepandishwa, na mtazamaji aambiwe anatafuta nini. Ikiwa tumbo na utumbo mpana ni salama, inafuata kamera ya kidonge, inayomezwa na kupiga picha utumbo mwembamba. Kwa kusafisha utumbo kabla yake, dawa zenye fosfeti au magnesi zikataliwe. Inayofaa ni ya poliethilini glikoli.

Vikionekana huchomwa kwa gesi ya agoni. Hurudi, na hilo mlijue mapema msije mkadhani tiba ilikosewa. Kwa wanaovuja tena na tena kuna sindano ya okitreotidi ya muda mrefu, miligramu 20 kila mwezi. Daktari asikilize pia moyo wake, kwa kuwa vali ya aota iliyobana huendana na vishipa hivi, na ikitengenezwa damu inaweza kupungua au kukoma.

Kwenye mashine, ombeni heparini ipunguzwe hadi kiasi kidogo kabisa kinachotosha au iondolewe, chuma apewe kwa mshipa badala ya kidonge, na himoglobini ipimwe kila wiki, zamu ileile, kabla ya kuunganishwa. Andikeni kwenye daftari namba hiyo pamoja na dozi ya sindano ya kuongeza damu, eritropoetini. Dozi ikipanda huku namba ikishuka, anavuja tena hata kama choo bado hakijabadilika rangi. Peleka daftari hilo kwa daktari wiki hiyohiyo, kabla hajafikia kuhitaji chupa nyingine.